Mawakili wapya, kabla hujakimbilia ofisi ya mjini msome Sam Houston

Jamani nyie mlioapishwa juzi, kila nikikutana na mmoja swali ni kodi ya ofisi mjini shingapi, na mteja hata mmoja hana. Mimi nawajibu na Sam Houston, yule wakili na mwanasiasa wa Marekani wa karne ya 19, aliyekuja kuwa gavana wa jimbo la Texas.

Jamaa alikulia jimbo la Tennessee, akatoroka kwao akaishi na Wacherokee, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, miaka kama mitatu, akarudi na madeni. 1812 akaanza kufundisha watoto, ada dola 8, theluthi mahindi, theluthi kitambaa cha pamba, theluthi ndo hela mkononi. Akalipa madeni. Mimi nilianzia wilayani, kesi ya mpaka wa shamba nikalipwa kuku wawili na debe la mahindi, nikaona aibu hata kuwaambia wenzangu, kumbe yule mzee mteja wangu ndo akaja kuniletea kesi nne za ukoo wake. Kuku pokea bwana.

1818 akasoma sheria Nashville, mji mkubwa wa Tennessee, kozi ya mwaka na nusu akaimaliza kwa kama miezi sita, halafu hakung'ang'ania Nashville, akaenda Lebanon, mji mdogo tu. Mwenye duka wa pale, Isaac Golladay, akampangisha kibanda cha magogo kiwe ofisi, dola 1 kwa mwezi na nguo za kuendea mahakamani akamkopesha. Mjini nani atakukopesha suti?

1819 tayari ni mwendesha mashtaka Nashville, 1823 mbunge, 1827 gavana wa Tennessee. Sisemi ukipanga kibanda utakuwa gavana, msinielewe vibaya. Na 1829 ndoa ilimvunjikia ndani ya miezi mitatu, akaacha ugavana akarudi kwa Wacherokee, pombe ikamzidi kweli kweli, ila ya chumbani hakuyatoa hadharani mpaka anakufa. Nyie mnaopost mambo ya wateja kwenye status mpo?

Baadaye akahamia Texas, na huko wakamchagua gavana 1859. Sio malaika, watumwa alikuwa nao, lakini 1861 Texas ilipojitoa Marekani wakataka aape kwa serikali mpya ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga, na yeye alishaapa kwa ile ya zamani. Inasimuliwa siku ya kuapa, kwenye jengo la serikali ya jimbo, jina liliitwa mara tatu, Sam Houston, Sam Houston, Sam Houston, mwenyewe yuko chumba cha chini cha jengo hilo hilo anachonga kijiti kwa kisu. Wakamvua ugavana.