Namba ya kwanza hutuvuta hata tukijua haina maana
Umeuliza kama mtu msomi anaweza kupotoshwa na namba ambayo anajua wazi kuwa haihusiani na swali. Anaweza, na ushahidi unaonishawishi zaidi ulichapishwa mwaka 1974 na wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman. Walizungusha gurudumu la namba mbele ya washiriki, likiwa limetegwa lisimame kwenye 10 au 65, kisha wakawauliza kama asilimia ya nchi za Afrika katika Umoja wa Mataifa ilizidi namba hiyo au ilikuwa pungufu yake, na mwishowe kila mmoja akatoa kadirio lake. Kadirio la katikati kwa walioona 10 lilikuwa asilimia 25. Kwa walioona 65 lilikuwa 45. Hata waliolipwa kwa usahihi wa majibu yao hawakunusurika, jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote.

Sokoni hali ni hiyo hiyo: muuzaji akitangulia kutaja 60,000 nasi tukamshusha hadi 40,000, tunafurahia punguzo bila kujiuliza kama bidhaa yenyewe inafikia thamani ya 25,000. Kwa hiyo, amua kiwango chako kabla hujaisikia bei yake.