Makaa Hayana Wastani

"Mwanangu, hiyo moja nukta tisa inauzwa wapi?"

Aliyeniuliza ni Hajati mmoja wa sokoni Busia, upande wetu wa Uganda, na aliniuliza mbele ya wenzake waliokuwa wanasubiri nimalize wakafungue vibanda. Nilikuwa nimepewa kibarua cha siku chache: nizunguke kwa akina mama wanaouza chakula, niwaulize wanapikia nini, kisha nije niwasomee majibu kwenye kikao cha chama chao cha kuweka na kukopa. Walikuwa 60. Daftarini nilifupisha kwa namba: kuni 1, makaa 2, gesi 3, umeme 4. Usiku nikaingiza namba zote kwenye kompyuta, nikabonyeza palipoandikwa wastani, ikanipa 1.9. Asubuhi nikasimama nikatangaza kwamba nishati ya wastani ya soko letu ni 1.9.

Kompyuta haikukosea. Ukijumlisha zile namba zote unapata 114, gawa kwa 60, ni 1.9 kweli. Mjinga alikuwa mimi. Zile namba hazikuwa hesabu, zilikuwa majina yaliyovaa nguo za hesabu. Makaa si kuni mara mbili, wala umeme si kuni mara nne. Ningeanza na gesi nikamalizia na kuni, wastani ungekuwa mwingine kabisa, na hakuna mama hata mmoja ambaye angekuwa amebadilisha jiko.

Kwa hiyo ukikabidhiwa data, kabla hujagusa kitufe chochote jiulize: haya majibu ni ya kiasi, au ni ya kundi? Sufuria ngapi, shilingi ngapi, umri gani, hayo ni ya kiasi. Nishati gani, dini gani, unatoka wilaya gani, hayo ni ya kundi. Usidanganywe na sura ya tarakimu. Namba ya simu ina tarakimu, lakini ukiigawanya kwa mbili humpati mtu yeyote. Namba ya pikipiki ya bodaboda vilevile.

Kwenye data za makundi hesabu halali ni chache, na hiyo ni nafuu. Unahesabu wangapi wako kila kundi, unatafuta asilimia, unataja kundi lenye watu wengi kuliko yote, yaani moda. Kwa akina mama wangu: kuni 14, makaa 39, gesi 6, umeme 1. Makaa ndiyo moda. Ningesema hivyo tu, Hajati angenyamaza.

Nilihesabu upya kwa mkono, kwa vijiti: vinne vimesimama, cha tano kinavikatiza. Nilirudi kwenye vijiti kwa sababu kompyuta ilinichezea shere mara ya pili. Safari hii niliingiza majina badala ya namba, na kijana aliyenisaidia kuchapa alikuwa na lugha zake. Mahali ameandika makaa, mahali mkaa, mahali amanda kwa Kiganda, na mahali ameacha nafasi mwishoni mwa neno, nafasi ambayo jicho halioni. Kwa mashine hayo ni makundi manne. Grafu ikatoka na mihimili minne (zile nguzo ambazo urefu wake ni idadi) ya kitu kimoja, na kuni ikaonekana inakimbizana na makaa. Kubalianeni tahajia siku ya kwanza, na kabla ya kuchora pitieni orodha ya majina yaliyojitokeza. Ni kazi ya dakika kumi.

Tukubaliane pia swali lenyewe. Mama anachemsha maharage alfajiri kwa kuni, saa nne anahamishia chai kwenye sigiri ya makaa. Umweke wapi? Mimi niliuliza anatumia nini *zaidi*, nikapata jibu moja kwa kila mtu. Ukimruhusu ataje vyote, si vibaya, ila asilimia zako zikijumlishwa zitazidi 100, na hapo chati duara usiiguse, maana duara ni kitu kizima kinachogawanywa.

Tukifika kwenye kuchora, mimi ni mtu wa mihimili. Chati duara niliichora pia, na watu 60 ni rahisi: kila mmoja anachukua nyuzi 6 kati ya 360, kwa hiyo makaa nyuzi 234, kuni 84, gesi 36, umeme 6. Inapendeza. Lakini nilipoipiga fotokopi kwa wino mweusi, kuni na gesi zikawa kijivu kilekile, na jicho la binadamu halipimi pembe vizuri kama linavyopima urefu. Duara iache kwa makundi mawili matatu.

Mihimili nayo ina adabu yake. Ianze sifuri, ukianzia juu zaidi unaifanya tofauti ndogo ionekane mlima. Upana uwe sawa. Iachane kidogo, maana hakuna kitu katikati ya kuni na makaa. Inayogusana ni ya histogramu, na hiyo ni ya data za kiasi. Panga kuanzia mrefu hadi mfupi, isipokuwa makundi yana mpangilio wake wenyewe: "mbaya, ya kawaida, nzuri" usiyachanganye eti kwa sababu ya urefu.

(Mchoro huu wa mihimili una hadithi. Mskoti William Playfair aliuchapisha mwaka 1786, akionyesha biashara ya Scotland na nchi 17, kwa sababu data zake za Scotland zilikuwa za mwaka mmoja tu na mstari wa miaka haukuwezekana. Umaskini wa data ukazaa mhimili. Chati duara aliileta baadaye, 1801.)

Sasa pale wengi wanapoanguka, na mimi nilianguka na vyeti vyangu. Niliwagawa akina mama makundi mawili: walio ndani ya jengo la soko, 24, na walio nje kando ya barabara, 36. Wanaotumia makaa ndani walikuwa 18, nje 21. Nikataka kusema wa nje ndio wapenzi wa makaa. Ngoja. Nje wako wengi, lazima wawe wengi kwa karibu kila kitu. Chukua 18 katika 24: asilimia 75. Chukua 21 katika 36: asilimia 58. Mambo yamegeuka. Walio nje ndio wenye kuni, 12 kati ya zile 14, pengine kwa sababu moshi una pa kwenda.

Halafu kuna mtego wa pili ndani ya huo. "Asilimia 58 ya walio nje wanatumia makaa" na "asilimia 54 ya watumiaji wa makaa wako nje" ni sentensi mbili tofauti. Juu ni 21 ileile, chini mara ni 36, mara ni 39. Mtu akikutajia asilimia, muulize: ya nani? Asipojua, kunywa chai yako.

Nilirudi kikaoni wiki iliyofuata na karatasi ya manila. Nilichora mihimili minne kwa kalamu nene, nikaibandika ukutani. Akina mama walisogea bila kuitwa. Hajati akapima mhimili wa makaa kwa mkono, akapima wa kuni, akaguna. Kisha akashuka na kidole hadi kwenye kile kijisehemu cha mwisho, mtu mmoja tu, umeme.

"Na huyu?"

Hapo nikajua nimekosea tena. Kundi la mtu mmoja halifichi mtu. Ningeunganisha umeme na gesi nikaita "nyinginezo" tungekuwa salama. Lakini kikao kizima kilikuwa kimeshamgeukia mama mmoja wa pembeni, naye amejifunika uso kwa leso anacheka, na wenzake wanataka kujua token ananunua za bei gani.