Tulimwomba asimulie ajali, hali yake ikazidi kuwa mbaya

SWALI: Mimi ni mchungaji. Muumini wangu mmoja alinusurika ajali iliyomuua mumewe. Siku ya nne tulimketisha na kikundi cha maombi, tukamsihi asimulie yote ili atue mzigo. Alianza kutetemeka, akahema kwa shida, na tangu hapo hataki kutuona. Tulikosea wapi, na sasa nifanye nini?

JIBU: Mtumishi, mlimharakisha. Hata wataalamu walipita njia hiyo: miaka ya 1980 ulienea utaratibu wa kuwakutanisha manusura siku chache baada ya tukio ili wasimulie kila kitu. Uchunguzi uliofuata haukuona kwamba kikao hicho cha mara moja huzuia kiwewe, na wapo kilichowaumiza zaidi. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na wenzake mwaka 2011 unafundisha mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha, yaani mfikishe kwenye msaada anaouhitaji. Akitaka kusema, msikilize. Asipotaka, kaa naye kimya.

Soma tena 1 Wafalme 19. Nabii Eliya yuko chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Malaika hakumhubiria wala kumhoji. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena. Swali la "Unafanya nini hapa, Eliya?" lilimkuta kwenye mlima Horebu, siku nyingi baadaye. Nami huona wachungaji wengi tunaanzia Horebu, kwa maswali.

Kwa hiyo nenda na mama mmoja anayemwamini, msizidi hapo. Omba radhi kwa maneno machache, bila kujitetea. Muulize leo kinachomlemea ni nini: pengine watoto, pengine karatasi za mirathi, pengine hofu ya kulala peke yake. Omba ruhusa kabla ya kumwombea au kumwekea mikono. Usimwambie Mungu alikuwa na kusudi, wala usigusie kumsamehe dereva. Hilo lina wakati wake, na wakati huo ataujua yeye. Akianza tena kuhema, mwambie akanyage sakafu kwa miguu yote miwili, ataje vitu anavyoviona, atoe pumzi polepole. Na aliyoyasema kikundini yasigeuzwe hoja za maombi kwa wengine.

Kukosa usingizi, jinamizi na kushtuka ovyo ni kawaida wiki za mwanzo, na kwa wengi hupungua. Ukipita mwezi mzima bila nafuu, au akishindwa kujihudumia hata kabla ya hapo, mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili, nawe uendelee kumtembelea.

Akisema afadhali angekufa na mumewe, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Mara nyingi humfungulia mlango wa kusema. Akiwa na mpango, asiachwe peke yake hata dakika moja. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na familia ijue. Siri ya uchungaji haifiki hapo.