Kiti cha ngazi kwa mama mzazi
Ndugu yangu wa Entebbe, umeuliza gharama ya kiti cha umeme cha kumpandisha mama ghorofani, na nani angekuchangia. Anza na ngazi yenyewe: iliyonyooka hugharimu kidogo, lakini yenye kona hudai reli iliyopindwa kwa kipimo chake, na bei hupanda sana. Reli hufungwa kwenye vidato, si ukutani, na viti vingi hutumia betri, kwa hiyo umeme ukikatika mama hatakwama katikati. Posho ya serikali ya Uganda kwa wazee wa miaka 80 na zaidi, shilingi 25,000 kwa mwezi, haifiki popote hapa. Ukoo uchange, au ukope SACCO. Kama chini kuna chumba chenye choo karibu, mimi ningemhamishia huko kwanza.