Otokrosi Iringa: matairi gani, na upepo niweke ngapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Mafinga, nina Toyota IST inayovuta kwa mbele, matairi 185/65R15. Mwezi wa saba mimi na wenzangu tumeruhusiwa kutumia yadi moja Iringa mjini kwa otokrosi: tunapanga koni, gari moja linaingia, tunapima muda, anayemaliza haraka bila kugonga koni ndiye mshindi. Nusu ya yadi ni lami, nusu ni moramu. Mjomba wangu, ambaye zamani alikuwa kwenye mambo ya rali, ananiambia nipunguze upepo mpaka psi 22 (psi ndicho kipimo cha upepo kwenye geji yangu) ili gari lishike. Rafiki yangu anasema niweke 40. Matairi niliyafunga Dar nikajaza 32 hukohuko, lakini huku kila nikipima geji inasoma namba nyingine. Nimepata pia mtumba wa 205, mapana, bei nzuri. Nichukue? Na naitrojeni ina faida?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na kamwene.

Nianze na mjomba, maana ushauri wake una chanzo cha kweli. Kwenye tope, mchanga au udongo laini, ukipunguza upepo tairi linatandaa, linakanyaga eneo kubwa na halizami. Wenye magari ya kazi huku Nyanda za Juu wanalijua hilo kila masika. Lakini pale gari linakwenda polepole na moja kwa moja. Otokrosi ni kona juu ya kona. IST yako ikikata kona kwa kasi, injini na gia boksi viko mbele, kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo inalalia tairi la mbele la upande wa nje. Tairi hilo likiwa na 22, ubavu wake unakunjika chini ya rimu, bega linakanyaga ardhi badala ya kashata (ile raba yenye mifereji inayokanyaga barabara), na usukani unachelewa kuitika. Ni kama kukimbia na raba ambazo hujafunga kamba: mguu umegeuka, kiatu bado. Kibaya zaidi, kwenye lami yenye mshiko mzuri tairi lenye upepo mdogo linaweza kuchomoka kwenye mdomo wa rimu likatoa upepo wote mara moja. Kwa hiyo 22 hapana.

Rafiki yako wa 40 yuko karibu zaidi na ukweli, kwa tairi la mbele tu, na kwa lami tu. Tairi la kawaida la barabarani lina ubavu laini kwa sababu limetengenezwa kwa starehe, na upepo wa ziada ndio unaoukaza. Ukizidisha, katikati ya tairi panavimba, mabega yanainuka, na unabaki na kipande chembamba cha raba chini ya gari. Kwenye moramu gari litaanza kurukaruka, na tairi lililo hewani halikati kona wala halifungi breki.

Namba yenyewe utaipata hivi. Fungua mlango wa dereva utazame kibandiko kwenye nguzo. Magari ya Japani huandika kwa kPa, kipimo kingine cha upepo. 220 ni karibu psi 32. Hapo ndipo pa kuanzia. Kwa gari kama lako lenye matairi ya barabarani, yadi ingekuwa lami tupu, mimi ningeingia na 36 mbele na 33 nyuma; yadi yenu ya mchanganyiko nitaifikia hapo chini. Kisha chukua chaki, ile ya ubaoni, uchore mstari mnene kutoka kwenye kashata ukivuka bega mpaka ubavuni, sehemu tatu kwenye kila tairi la mbele. Zunguka mara moja kwa nguvu zako zote. Ukitoka, shuka uangalie. Matairi mengi yana alama ndogo ya pembetatu pale begani. Chaki ikiwa imefutika mpaka kwenye alama, upepo uko sawa. Ikifutika kupita alama kwenda ubavuni, tairi linakunjika, ongeza 2. Ikibaki nzima juu ya alama, umezidisha, punguza 2. Usibadilishe mbele na nyuma kwa mara moja, hutajua kilichosaidia ni kipi.

Nyuma kuna hila ambayo utaisikia mapema. Wenye magari ya kuvuta kwa mbele huongeza upepo wa nyuma, wakati mwingine kupita wa mbele, ili mkia uteleze kidogo na gari ligeuke haraka. Inafanya kazi. Lakini kwa dereva mgeni ni hatari: ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, uzito unakimbilia mbele, nyuma panakuwa pepesi, na gari linazunguka. Acha nyuma kwenye 33 mpaka mikono yako izoee kulirudisha gari. Na mbele au nyuma, usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Hicho kiwango ni mwisho wa ruhusa, wala si pendekezo la kujaza.

Sasa geji yako, ambayo naona imekusumbua kuliko kitu chochote. Geji inaweza kuwa nzima kabisa. Geji ya upepo haipimi hewa yote iliyomo kwenye tairi. Inapima tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje. Dar, usawa wa bahari, hewa ya nje inasukuma kwa karibu psi 14.7. Iringa mjini, kwenye mita 1,500 na ushee, inasukuma kwa kama 12.2 tu. Kwa hiyo ukipanda Kitonga na matairi yaliyosoma 32 Dar, bila kuongeza chochote, kule juu yanataka kusoma 34 na nusu. Wakati huohuo kuna baridi. Hewa ikipoa inasinyaa, na kwa tairi la gari dogo unapoteza karibu psi 1 kwa kila nyuzi 6 au 7 za joto. Ulijaza Dar kukiwa na nyuzi 30. Asubuhi ya Julai ukipima Iringa kukiwa na nyuzi 10, baridi imekunyang'anya psi 3, mwinuko umekupa 2 na nusu, geji inasoma kama 31 na nusu. Saa saba mchana, jua limepanda hadi nyuzi 24, tairi hilohilo lililosimama linasoma karibu 34. Mafinga kuko juu zaidi na baridi yake mnaijua wenyewe. Unaona basi: namba ya Dar haina kazi yadini. Pima palepale mtakapokimbilia, siku hiyohiyo.

Na pima kwa geji yako mwenyewe. Za vituo vya mafuta hutofautiana, na hata ukiwa na ya bei nafuu, ilimradi ni moja siku zote, itakusaidia kulinganisha. Ikidanganya kwa psi 1 itadanganya vilevile kila mara.

Kuna mtego mwingine kwako wa Mafinga. Utaendesha kama kilomita 80 mpaka Iringa, na ukifika matairi yatakuwa ya moto, yamepanda psi 3 au 4. Ukiyapunguza hapohapo mpaka 36, kisha mkakaa saa nzima kupanga koni kwenye upepo wa Julai, yatapoa na utaingia mzunguko wa kwanza ukiwa na 33. Subiri zamu yako ikaribie ndipo upime. Baada ya hapo, kila ukitoka kwenye mzunguko pima mara moja kabla hayajapoa na urudishe kwenye namba yako. Mkishirikiana gari moja madereva wawili, joto litapanda haraka. Pimeni kila mnapopokezana. Andika kwenye daftari: saa, hali ya ardhi, upepo wa mbele na nyuma, muda uliopata, chaki ilifika wapi. Kurasa mbili za namna hiyo zitakufaa kuliko ushauri wangu na wa mjomba pamoja.

Nije kwenye mtumba wa 205. Kabla ya upana, uliza umri. Ubavuni, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba hukakamaa kadiri inavyozeeka, hata kama kashata zimejaa na tairi linang'aa. Kwa mashindano nisingechukua tairi lililopita miaka sita. Bonyeza kwa ukucha: raba nzuri inakubali kidogo na kurudi. Tazama kati ya kashata na chini kwenye bega, ukiona nyufa nyembamba liache.

Soma pia kama kuna neno STUDLESS. Matairi mengi yanayoingia na magari kutoka Japani, au kuuzwa kama mtumba, ni ya theluji. Raba yake ni laini na kashata zimekatwakatwa vipande vidogovidogo ili zing'ate barafu. Kijana anayabonyeza, anaona laini, anadhani amepata mshiko. Kwenye lami kavu vile vipande vinalala huku na huku, gari linayumba, na raba inaisha kwa kasi. Muuzaji akikupa hata bure, usiyakimbilie.

Upana wenyewe unategemea rimu. Geuza rimu usome nyuma, kuna namba kama 15x6J. Hiyo 6 ni upana kwa inchi. Tairi pana kwenye rimu nyembamba linabanwa miguu, ubavu unatuna, na katika kona linakunjika kuliko lile jembamba ulilolitoa. Kwa IST ningekwenda 195/60R15 (namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita), ambalo hukaa vizuri kwenye rimu ya inchi 5.5 hadi 7 na kipenyo chake ni pungufu kwa milimita 6 au 7 tu. 205/55R15 linapungua milimita 15, gari linashuka kidogo na spidomita inasoma zaidi ya mwendo halisi. Si kosa kubwa, lakini usilifunge kabla hujakata usukani mpaka mwisho pande zote kuona kama linagusa fenda. Kama fedha ni kidogo, baki na 185 zako zikiwa bado changa, na ile fedha nunua geji nzuri na ufanye alaimenti. Nasema hivi nikijua kuwa matairi ndiyo biashara yangu.

Usije ukatumia tairi lililochongwa upya kwa kisu. Kisu kinakula raba inayofunika nyuzi za ndani, na kona kali ndipo nyuzi hizo zinapodaiwa kazi yote. Tairi kipara nalo, lililoisha kashata, hata kama lami kavu inalipenda, likifika kwenye moramu yenu halitakuwa na cha kung'atia.

Kwa yadi yenu ya mchanganyiko, hapo ndipo ningeweka akili nyingi. Julai ni kukavu, moramu itakuwa ngumu chini na punje zinazoviringika juu. Magari yatazibeba punje hizo mpaka kwenye lami, na baada ya magari machache kona ya kwanza ya lami itakuwa inateleza kuliko moramu yenyewe. Piga breki mapema pale, kwa sababu tairi limetoka kwenye vumbi na linahitaji kuviringika mara kadhaa ili lijisafishe. Bebeni mafagio na mfagie kati ya zamu. Upepo nao ushushe kidogo kuliko wa lami tupu, 34 mbele na 32 nyuma, usiende chini zaidi kwa sababu kule mwisho wa lami kuna ukingo, na tairi laini likigonga ukingo rimu inabana raba na kuipasua. Kila ukitoka, zungusha mkono na macho ubavuni kutafuta mikato ya mawe.

Matairi yale hasa ya mashindano, yenye raba laini sana, waachieni wa nchi wanakokimbia kwenye lami kubwa. Yanataka joto ndipo yashike, na mzunguko wenu wa dakika moja kwenye asubuhi ya Iringa hautayaamsha. Tairi la barabarani linashika tangu mita za kwanza.

Naitrojeni: hewa ya kawaida tayari ni asilimia 78 naitrojeni. Faida yake halisi ni kwamba ni kavu, haina mvuke wa maji unaofanya upepo upande ovyo tairi likipata moto. Kompresa ambayo fundi wake anamwaga maji kwenye tangi kila asubuhi inakutosha. Muulize kabla hajachomeka mpira.

Jioni mkimaliza, matairi yakipoa yatakuwa pungufu kwa sababu mchana kutwa umekuwa ukiyapunguza yakiwa ya moto. Yajaze mpaka namba ya kibandiko, kaza nati zote za magurudumu kwa spana, ndipo uianze njia ya Mafinga. Malori ya barabara ile unayajua.