Maswali na majibu: mbogo, nyati maji na mishale mizito

Msimu wa uwindaji ukikaribia, maswali ya upinde na mishale huja kwa wingi, hasa kutoka Manyoni, Itigi na Kondoa. Safari hii mengi yanauliza kasi. Wachache sana wameuliza mnyama atakufa kwa muda gani, na hilo ndilo ninalolijali kuliko yote.

Upinde wa paundi ngapi (nguvu ya kuuvuta) unatosha kumpiga mbogo?

Swali hili nimelijibu mara nyingi, na bado linarudi vilevile, bila uzito wa mshale, bila aina ya chembe (ncha ya chuma inayokata), bila umbali. Likija hivyo halijibiki. Upinde wa kapi (wenye magurudumu kwenye ncha zake) wa paundi 70 mikononi mwa mtu anayeuvuta taratibu na kuushikilia bila kutetemeka, ukiwa na mshale mzito, ni bora kuliko wa paundi 90 ambao mwenyewe hauvuti mpaka auelekeze mawinguni. Kaa kwenye kiti, vuta. Ukishindwa, huo si upinde wako.

Mimi ni mfuatiliaji wa nyayo katika kitalu cha uwindaji upande wa Rungwa. Kuna mgeni anakuja na upinde. Anasema alishaua nyati maji Australia kwa mshale wa greni 520 (gramu 34 hivi) na atatumia huohuo kwa mbogo. Nina wasiwasi. Nina haki ya kusema?

Unayo, ndugu yangu, na useme mapema.

Nyati maji si mnyama wa mzaha. Walipelekwa kaskazini mwa Australia katika miaka ya 1820 kutoka Timor na visiwa jirani, wakaachwa, wakazaliana porini. Dume lake mara nyingi ni zito kuliko mbogo wetu, na mbavu zake ni pana na nene. Mtu anaweza kumwangusha kwa mshale mwepesi ikiwa ulipita katikati ya mbavu mbili. Ukigonga ubavu wenyewe, mshale huohuo unasimama palepale, na mnyama anaondoka nao. Mnyama mmoja aliyeanguka hathibitishi kwamba mshale unafaa. Unathibitisha pale unapogonga mfupa na bado ukapenya.

Aliyelichunguza jambo hili kwa kina ni Dk. Ed Ashby, mwindaji na mtafiti wa mishale. Alianzia Natal, Afrika Kusini, katika miaka ya 1980, kisha akaendelea kwa miaka mingi akiwapima nyati maji wa Australia. Alichokiona ni kwamba mshale huanza kuvunja mfupa mzito kwa uhakika ukifika greni 650 hivi, yaani gramu 42, tena iwapo uti (kijiti cha mshale) haupasuki, chembe haipindi, na mshale unaruka umenyooka. Hiyo 650 ni sakafu. Kwa mbogo mimi nisingekubali chini ya 850, na 900 ndiyo inayonituliza moyo. Mshale wa mgeni wako haufiki hata sakafuni.

Halafu tazama mahali. Nyati maji wengi huwindwa kwenye mbuga za maji za Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, ambako mwindaji anaweza kumwona mnyama akikimbia mpaka anapolala. Wewe uko Manyoni. Mbogo akijeruhiwa akaingia kwenye vichaka vya Itigi, huoni hatua tano mbele, naye hujificha pembeni mwa njia yake mwenyewe akisikiliza. Nani anatangulia humo? Si mgeni. Ni wewe, macho yako yakiwa chini kwenye damu.

Kwa hiyo siku mgeni anapofika, kabla hajafungua mizigo yote, mwombe mwindaji bingwa wako (anayeongoza uwindaji) mshale uwekwe kwenye mizani mbele yenu. Mizani ndogo ya jikoni inatosha. Kisha mgeni apige shabaha mita 20, mishale mitatu, na chembe zilezile atakazowindia, si zile za mazoezi. Mwindaji bingwa asiyekubali jambo dogo kama hilo hajali maisha yako, na kibarua kingine utapata.

Nasoma UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma). Nishati ya mwendo inategemea kasi kwa kipeo cha pili. Kwa nini basi tusitumie mshale mwepesi wenye kasi kubwa?

Swali zuri, na hesabu yako ni sahihi. Tatizo ni kwamba upinde una nishati yake, hauongezi kwa sababu umeweka mshale mwepesi. Tuseme unatoa jouli 90. Mshale wa gramu 26 (greni 400) utatoka kwa mita 83 hivi kwa sekunde. Wa gramu 58 (greni 900) utatoka kwa mita 56 hivi. Nishati ni ileile. Sasa zidisha uzito wa mshale, kwa kilo, mara kasi: wa kwanza unapata 2.2, wa pili 3.2, zaidi kwa karibu nusu. Huo msukumo ndio unaoamua mshale utaendelea kusonga kwa muda gani ndani ya ngozi, nyama na mfupa. Na kwa kweli pinde nyingi hutoa nishati zaidi kidogo kwenye mshale mzito, kwa sababu kidogo zaidi hupotea kwenye mtikisiko na kelele.

Gharama yake ni kushuka. Katika mita 20 mshale mwepesi utashuka sentimita 28 hivi, mzito zaidi ya 60. Kwa hiyo rekebisha upya vilengeo vyote vya upinde wako, na usipige mbali. Zaidi ya mita 25 kwa mbogo mimi siungi mkono, hata uwe hodari namna gani. Mnyama akipiga hatua moja mshale ukiwa hewani, umeshampiga tumboni.

Usilinganishe na risasi. Risasi ya bunduki kubwa ya .375 hubeba jouli zaidi ya 5,000 na huharibu kwa mshtuko. Mshale unaua kwa kukata mishipa tu. Ndiyo maana ukali wa chembe ni sehemu ya swali lako, ingawa hukuuliza. Chembe isiyonyoa nywele za mkono isipande kwenye upinde, na iliyoingia udongoni inolewe upya.

Chembe zinazofunguka zikigonga zinafaa?

Hapana. Kwa swala, fanya utakavyo. Kwa mbogo au nyati maji zinakula nguvu kujifungua, kisha zinavunjika mfupani.

Nimeambiwa uzito uwe mbele. Nitajuaje kama umetosha?

Pima uti kutoka mwanya wa nyuma unaokaa kwenye ugwe mpaka mwisho wake, chembe usiihesabu. Kisha, chembe ikiwa imefungwa, laza mshale kwenye kidole mpaka usimame sawa, upime kutoka nyuma hadi hapo. Toa nusu ya urefu, gawa kwa urefu wote. Uti wa sentimita 74 unaosimama kwenye 51.8 unakupa 14.8 gawa kwa 74, yaani asilimia 20. Hapo ni pazuri. Ila ukiongeza uzito mbele uti hupinda zaidi unapotoka, kwa hiyo unahitaji uti mgumu zaidi. Piga kupitia karatasi iliyotandazwa kwenye fremu, hatua mbili tatu mbele yako. Tundu likiwa limechanika upande mmoja, mshale hauruki sawa, na uzito wote huo ni bure.

Mimi ni mhunzi, natokea Kwamtoro. Naweza kufua chembe kwa springi za gari?

Barua yako imenifurahisha, mzee wangu. Chuma cha springi kinafaa sana. Fua chembe ya makali mawili tu, urefu mara tatu ya upana, unene wa milimita 3 hivi. Noa kila ukingo upande mmoja tu, ili chembe izunguke ikiingia na kuupasua mfupa badala ya kukwama ndani yake. Uelekeo wa mnoo ufuate uelekeo wa manyoya ya mshale, la sivyo vitashindana.

Baada ya kuzimisha kwenye mafuta, usiache hivyo, itavunjika. Ipashe tena taratibu mpaka ipate rangi ya majani makavu. Kisha nenda machinjioni, omba mfupa wa bega wa ng'ombe, upige. Chembe ikipinda ncha au ikimeguka, rudi kwenye moto. Wengi wananunua chembe za nje kwa bei kubwa wakati ufundi uko kwao.

Wahadzabe wanatumia sumu kwa wanyama wakubwa. Kwa nini sisi tusitumie sumu ya mti wa msunguti?

Kwa sababu silaha yenye sumu imekatazwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Sumu ya msunguti huvuruga moyo, na haichagui kati ya moyo wa mbogo na wa mtoto aliyeokota mshale. Usiniandikie tena kuhusu hili.

Mbogo wanatoka pori la akiba la Swagaswaga na kuingia mashambani kwetu. Nina upinde. Naweza kulinda mahindi yangu?

Weka upinde chini. Upinde wa kufukuzia ndege hautamuua mbogo, utamfanya mwenye maumivu na hasira, na atakayekutana naye kesho asubuhi ni jirani yako. Tena kumpiga bila kibali kunaweza kukuingiza kwenye kesi, hata akiwa shambani mwako. Toeni taarifa kwa mtendaji wa kijiji na ofisa wanyamapori wa wilaya, au kituo cha TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori) kilicho karibu. Pigeni picha uharibifu siku hiyohiyo, kabla hamjalima upya, kwa ajili ya kifuta jasho. Najua malipo huchelewa na ni madogo kuliko hasara, na hilo ni jambo la kudai kwa sauti kubwa kila mnapokutana na diwani na mbunge wenu. Lakini mdai mkiwa hai.

Lengo liwe wapi, na baada ya kupiga nisubiri muda gani?

Mnyama awe ubavu, au amegeuka kidogo tu, kichwa kikielekea mbali nawe. Akigeuka sana, mshale utapita kwanza kwenye tumbo lililojaa majani mabichi na kuishia humo. Subiri mguu wa mbele uende mbele. Piga nyuma yake tu, theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka chini. Moyo na mapafu yako chini na mbele kuliko wengi wanavyodhani. Akikutazama uso kwa uso, usipige.

Ukishapiga, nyamaza na usikilize. Damu nyekundu yenye povu ni mapafu: nusu saa, kisha fuata polepole, bunduki ikiwa tayari mkononi mwa anayejua kuitumia. Damu nyeusi ni ini, subiri saa tatu au nne. Ukiona majimaji ya kijani, umempiga tumboni, na hapo msikimbilie kumfuata. Jua likiwa linazama, wekeni alama pale damu ilipoishia, rudini alfajiri mkiwa na askari wa wanyamapori. Na jioni hiyohiyo tumeni mtu kijijini awaambie kina mama wasiende upande huo kutafuta kuni.