Sijasoma sana dini, watoto wangu nitawasimulia nini?

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkubwa ana miaka 13 na wa mwisho 5, baba yao yuko Muscat kikazi. Madrasa wanaenda ila wakirudi ni katuni na simu mpaka usingizi. Natamani niwasimulie visa vya Mitume lakini mimi mwenyewe niliishia juzuu amma, ile ya mwisho ya Qur'ani, naogopa nisije nikawadanganya. Nianzie wapi? Na huyo mkubwa hataki kabisa kukaa na sisi.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh dada yangu. Hiyo hofu yako ni nzuri sana, Mtume (s.a.w.) amesema atakayenizulia uongo kwa makusudi basi ajiandalie makazi yake motoni. Lakini isikufunge mdomo. Allah anasema "Jikingeni nafsi zenu na ahali zenu na Moto", At-Tahrim aya ya 6, na hapo hakubagua aliyesoma sana na aliyesoma kidogo.

Muda unao, Magharibi mpaka Isha. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha giza likiingia tuwazuie watoto wasitoke maana mashetani huenea wakati huo, iko kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, sasa kama washaingia ndani na washaswali si wakae hapo hapo mkekani na wewe, simu zote pembeni na yako pia.

Anza na Surat Yusuf. Chukua tafsiri ya Kiswahili, ile ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy iliyotoka 1969 au nyingine unayoielewa, soma aya chache mchana ukiwa peke yako halafu usiku wasimulie kwa maneno yako, na usiongeze kitu ambacho hakipo. Aya ziko 111, usimalize kwa siku moja. Mkifika pale Yusuf kaka zake wanamtupa kisimani wakatie hapo, mpaka kesho, watakufuata wenyewe jikoni kuuliza ikawaje. Mambo ya mke wa yule bwana aliyemnunua Yusuf kwa wadogo pita haraka, sema tu alisingiziwa akafungwa. Na pale Yusuf anapowaambia kaka zake "leo hapana lawama juu yenu", wallahi hapo tulia, waulize wao wangefanya nini, manake ndugu wanaogombania rimoti kila siku wana mengi ya kusema, wewe sikiliza tu usianze kuhubiri.

Kuna kisa nataka uwe nacho makini. Kile cha jirani aliyekuwa akimtupia Mtume (s.a.w.) takataka mlangoni, siku moja hazikuwepo akaenda kumuona kumbe anaumwa. Wengi tumekisikia madrasa lakini kwenye vitabu vya hadithi vinavyotegemewa hakipatikani na sanad sahihi, yaani mlolongo wa wapokezi. Kiache, na wala hukihitaji, Bukhari amepokea kwa Anas habari ya kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimhudumia Mtume, akaugua, Mtume akaenda kumtazama akakaa kichwani pake akamwita kwenye Uislamu, kijana akamtazama baba yake, baba akamwambia mtii Abul-Qasim, yaani Mtume mwenyewe, akasilimu. Mafunzo ya kumjali mgonjwa na jirani yote yamo humo na ni kweli tupu.

Jambo jingine dada, ukishawasimulia ukweli wataupima kwako. Sahaba Abdullah bin Aamir alipokuwa mdogo mama yake alimwita njoo nikupe, Mtume (s.a.w.) akamuuliza ulitaka kumpa nini, akasema tende, akamwambia lau usingempa kitu ungeandikiwa uongo, kapokea Abu Daud. Kwa hiyo zile za "nyamaza nitakuletea soda" na soda haipo, au "mwambie jirani mama hayupo", ziache kabisa.

Baba naye asikae pembeni kisa yuko Muscat, mchunga ni mchunga hata akiwa mbali. Arekodi voisi kila wiki amsimulie kila mtoto kipande chake.

Na huyo wa miaka 13 usimlazimishe kukaa na wadogo kama mwenzao, hapo ndipo wengi tunawapoteza. Mpe kazi. Yeye ndiye awe anasoma aya kwa Kiarabu kabla hujaanza, au siku ukichoka asimulie yeye, na akikosea usimsahihishe mbele ya wadogo zake, subiri muwe wawili. Kama usiku mmoja hataki mwache, kesho mwite tena kwa upole, na muombee kwenye sijda zako. Wallahu aalam.